Sensa ya oksijeni ya Toyota IST: nichukue ipi kati ya hizi tatu?

Mwalimu mmoja wa Morogoro ameandika hivi: "Shikamoo fundi. Nina Toyota IST ya mwaka 2004, injini 1NZ-FE. Taa ya injini iliwaka, gari likapimwa kwa mashine, ikasoma P0135. Fundi akasema sensa ya oksijeni imekufa, akanifungia iliyotumika aliyoitoa kwenye Spacio kwa kuwa injini ni moja. Taa ikazimwa, lakini siku ya nne ikarudi na msimbo uleule, na gari linakula mafuta kuliko zamani. Nimekwenda Kariakoo nikaoneshwa sensa tatu: ya Denso ndani ya boksi, nyingine isiyo na jina ambayo soketi yake inafanana na ya gari langu, na ya tatu isiyo na soketi kabisa, ya kuunga waya, ambayo muuzaji anasema inaingia gari lolote. Bei zinapishana mno. Nichukue ipi?"

Marahaba, Mwalimu. Nakuomba usinunue hata moja kati ya hizo tatu kabla hujapima mambo mawili ambayo hayatakuchukua hata nusu saa. Kompyuta ya gari lako imezilalamikia sensa mbili tofauti kwa kosa lilelile ndani ya muda mfupi. Inawezekana kweli kwamba ya kwanza ilikufa, na hiyo ya Spacio nayo ilikuja ikiwa imekufa au si ya aina inayotakiwa. Lakini inawezekana vilevile kwamba hakuna sensa iliyokufa, na tatizo liko kwenye fyuzi au kwenye waya unaoipelekea umeme. Ikiwa hivyo ndivyo, hata ukinunua sensa bora kuliko zote zilizopo Kariakoo, utaisoma P0135 kwa mara ya tatu.

Wala zile siku nne zisikudanganye kwamba sensa ya Spacio ilifanya kazi kwanza ndipo ikafa. Kwa makosa mengi ya aina hii, kompyuta husubiri ilione kosa katika safari mbili zinazofuatana ndipo iwashe taa, na kama gari linatoka nyumbani kwenda shuleni na kurudi tu, siku kadhaa zinaweza kupita kabla taa haijarudi.

Tuanze na maana ya msimbo wenyewe, kwa sababu ndio unaoamua utanunua nini. P0135 haisemi kwamba sensa imeshindwa kupima oksijeni. Inasema kwamba umeme wa hita iliyomo ndani ya sensa ya kwanza, upande wa kwanza wa injini, hauendi inavyotakiwa. Injini yako ina silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, kwa hiyo upande ni mmoja tu. Sensa ya kwanza ni ile inayokaa karibu na injini, kabla moshi haujafika kwenye masega ya ekzosi, yaani kile kifaa kinachosafisha moshi. Inayokaa baada ya masega ndiyo ya pili, na hita yake ikipata hitilafu msimbo huwa P0141. Mwenye gari la V6, kama Mark X, ana pande mbili, na kwake upande wa kwanza ni ule wenye silinda namba moja, hata kama si ule unaoonekana kwanza ukifungua boneti. Nimeona watu wakibadilisha sensa nzima na kuiacha mbovu ikiwa imekaa upande wa pili, kwa sababu tu hawakusoma tarakimu nne kwa makini.

Hita hiyo ina kazi gani? Kiini cha sensa ni kauri ya zirkonia, ambayo upande mmoja inagusa moshi na upande wa pili inagusa hewa ya nje. Ikishapata moto wa nyuzi 300 hivi na kuendelea, tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili huifanya izalishe umeme mdogo: karibu volti 0.9 petroli ikizidi, na karibu volti 0.1 hewa ikizidi. Kompyuta hutumia umeme huo kusahihisha petroli ili uwiano uwe karibu kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Sensa za kwanza za Bosch, zilizofungwa kwenye magari ya Volvo mwaka 1976, hazikuwa na hita. Zilingoja joto la moshi. Hita zilianza mwaka 1982, na tangu hapo sensa huamka mapema baada ya kuwasha gari na hailali tena injini ikiwa inaunguruma polepole kwenye foleni. Hita ikikatika, kompyuta hukosa taarifa katika dakika zile ambazo injini bado ni ya baridi, ikabaki kutoa petroli kwa makadirio. Gari la safari fupi fupi kama lako ndilo linaloumia zaidi, na huenda ndiyo maana unaona mafuta yanakwenda.

Sasa vipimo. Injini ikiwa ya baridi, chomoa soketi ya sensa ya kwanza. Utaona waya nne upande wa sensa. Kwenye sensa za Denso, waya mbili nyeusi ndizo za hita, wa bluu ni wa taarifa, na mweupe ni wa ardhi yake. Weka maltimita kwenye kipimo cha omu, gusanisha kwanza ncha zake mbili uone zenyewe zinasoma ngapi ili uitoe hesabu hiyo baadaye, kisha pima kati ya zile waya mbili nyeusi. Kwa sensa ya oksijeni ya kawaida ya Toyota unatarajia omu 11 hadi 16 kwenye joto la nyuzi 20. Kwa joto la Morogoro ikipanda kidogo usishtuke. Ikiwa mita haisomi chochote, hita imekatika na sensa hiyo haina dawa.

Ikiwa inasoma vizuri, hamia upande wa pili wa soketi, ule unaotoka kwenye gari. Fungua swichi bila kuwasha injini, upime volti kati ya pini za hita na bodi ya gari. Mojawapo ya pini hizo lazima iwe na umeme wa betri, volti 12 hivi. Usipoupata, acha kabisa habari ya sensa, fuata waya na fyuzi. Ukiupata, na hita inasoma vizuri, angalia pini zenyewe kama zimeota kutu au zimelegea, halafu kagua waya unaorudi kwenye kompyuta, kwa sababu hita hupata umeme moja kwa moja lakini kompyuta ndiyo inayoifungulia njia ya ardhi. Pima na ile sensa yako ya awali kama fundi hakuitupa. Kama sensa zote mbili zinasoma omu kati ya 11 na 16, basi umeokoa fedha zako.

Ukaguzi wa macho nao usiudharau. Urefu wa waya wa sensa hutegemea gari, si injini. Sensa iliyotengenezwa kwa ajili ya Spacio inaweza kuja na waya mrefu kuliko nafasi iliyopo kwenye IST, ukaning'inia na kugusa ekzosi. Nimeshika mkononi waya wa namna hiyo ambao ganda lake lilikuwa limeyeyuka upande mmoja tu, urefu wa kidole, huku upande unaoonekana kutoka juu ukiwa mzima kabisa. Mwenye gari alikuwa amekwisha kununua sensa mbili.

Tuseme sasa vipimo vimethibitisha kwamba hita imekatika na sensa lazima inunuliwe. Hapa ndipo ninapotaka kukaa kwa muda, kwa sababu ndipo fedha nyingi zinapopotea.

Kauli ya fundi wako kwamba injini ni moja kwa hiyo sensa ni moja si sahihi, ingawa naielewa imetoka wapi. Injini ya 1NZ-FE imefungwa kwenye IST, Fun Cargo, Raum, Spacio, Probox na hata Premio ya sisi 1500. Plagi, fani belti na vitu vingine vingi huingiliana. Lakini sensa hukaa kwenye ekzosi na kuzungumza na kompyuta, na hivyo viwili hubadilika kulingana na bodi ya gari, mwaka wake, na kiwango cha usafi wa moshi ambacho gari lilitengenezwa kukidhi. Magari yanayofanana sura na injini huweza kuwa na sensa tofauti. Huko Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, Camry ya silinda nne iliyokusudiwa kuuzwa California ilikuwa na aina moja ya sensa ya mbele, na ile iliyokusudiwa majimbo mengine ilikuwa na aina nyingine kabisa.

Aina hizo mbili lazima uzijue. Ya kwanza ndiyo niliyoieleza, sensa ya oksijeni ya kawaida, ambayo umeme wake huruka juu na chini kati ya volti 0.1 na 0.9. Ya pili ni sensa ya uwiano wa hewa na mafuta, ambayo mafundi huiita A/F. Hii haisemi tu kwamba petroli imezidi au imepungua. Inasema imezidi au imepungua kiasi gani. Kwa nje zinafanana mno: zote za Toyota zina waya nne, na zote kwa kawaida huingia kwenye tundu la uzi wa milimita 18. Unaweza kuifunga moja mahali pa nyingine kwa spana ileile bila kukwama popote. Lakini hita ya A/F ina ukinzani wa omu 1.8 hadi 3.4 tu, maana yake inavuta ampea nyingi, wakati ile ya kawaida inavuta karibu ampea moja, na kompyuta hugundua tofauti hiyo mara moja. Zaidi ya hapo, lugha yao ni kinyume: kwenye sensa ya kawaida volti kubwa ina maana petroli imezidi, na kwenye A/F ya Toyota volti inayosomeka kwenye mashine ikipanda ina maana hewa imezidi. Nilipata kuletewa gari lililokuwa likitoa moshi mweusi na kunuka petroli hadi ndani, baada ya kufungiwa sensa "mpya kabisa". Sensa ilikuwa mpya kweli, na nzima kweli. Ilikuwa tu ya aina nyingine.

Ndiyo maana nasema usinunue sensa kwa jina la gari, wala kwa sura ya soketi. Nunua kwa namba, na namba hiyo itokane na chesisi ya gari lako wewe.

Fungua boneti, utafute bamba dogo la chuma. Kwa Toyota nyingi za umri huo limefungwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na kabini. Utasoma hapo namba ya chesisi inayoanza na NCP61 na kufuatiwa na kistari na tarakimu saba. Ndiyo hiyohiyo iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. (Ikianza na NCP60, gari lako si la 1NZ-FE, ni la 2NZ-FE ya sisi 1300, na hilo nalo uhakikishe, kwa sababu injini huwa zinabadilishwa.) Kwenye mstari wa modeli utaona pia herufi zinazotangulia NCP61, kwa mfano UA. Herufi hizo ni alama ya kiwango cha usafi wa moshi cha Japani, na ni mojawapo ya mambo yanayotofautisha sensa ya gari moja na nyingine. Piga picha bamba lote.

Mpe muuzaji namba nzima ya chesisi, mwambie aitafute kwenye katalogi ya magari ya soko la Japani. Nalisisitiza hili kwa sababu katalogi za Marekani na Ulaya huomba namba ya herufi na tarakimu 17, ambayo gari lililotoka Japani halina, na muuzaji asiye mvumilivu huamua kuchagua gari la Kimarekani linalofanana. IST iliuzwa Marekani kwa jina la Scion xA, yenye injini ya 1NZ-FE, na hapo ndipo mtego ulipo: sura ni ileile, lakini ilitengenezwa kwa sheria za moshi za nchi nyingine.

Namba utakayopewa ina tarakimu tano, kistari, na tarakimu nyingine tano. Tano za mwanzo zinataja aina ya kifaa. Kwa Toyota, 89465 ni sensa ya oksijeni ya kawaida, na 89467 ni A/F. Tano za mwisho zinataja gari, urefu wa waya na soketi yake. Msimbo wako na umri wa gari vinanielekeza kwenye 89465, lakini namba ya chesisi ndiyo yenye neno la mwisho. Sensa ya zamani, ile ya awali na si ya Spacio, nayo huwa imechorwa namba ya mtengenezaji kwenye nati yake ya pembe sita. Isugue taratibu kwa kitambaa uisome, uilinganishe na ile ya katalogi. Wenye Nissan, Subaru na Honda wana namba zao, ila utaratibu ni huohuo. Na ndugu zetu wa Kenya, ambako magari ya mtumba hayaruhusiwi kuingia yakiwa na umri wa zaidi ya miaka minane, watarajie A/F mara nyingi zaidi kuliko sisi, kwa sababu magari yao ni mapya zaidi.

Tukirudi kwenye zile tatu ulizooneshwa: ile ya Denso ndiyo ningeichukua, kwa sharti kwamba namba iliyo juu yake inalingana na ya chesisi yako. Denso ndiye aliyezitengenezea Toyota nyingi sensa zao tangu kiwandani, na sensa yake mara nyingi ni ileile inayouzwa ndani ya boksi la Toyota kwa bei ya juu zaidi. Lakini boksi si ushahidi, kwa sababu boksi ndilo jambo rahisi kuliko yote kughushi. Itoe nje. Namba iwe imechorwa kwenye nati kwa mchoro safi unaosomeka, si mhuri wa wino unaofutika kwa kidole. Ilingane na ya kwenye boksi. Uzi uwe na grisi yake ya kiwandani. Ncha iwe imefunikwa kofia ya kuikinga. Kisha fanya jambo ambalo wateja wengi hawalifanyi: nenda na maltimita dukani, pima waya mbili za hita papo hapo mbele ya muuzaji. Ikisoma omu 2 au 3, umepewa A/F. Isiposoma kitu, ni mbovu ikiwa bado kwenye karatasi. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Ile isiyo na jina siikatai kwa sababu ya kukosa jina peke yake. Naikataa kwa sababu sifa pekee uliyopewa ni kufanana kwa soketi, na nimekwisha kueleza kwamba soketi haithibitishi lolote. Kama muuzaji anaweza kukuonesha kwenye karatasi yake kwamba inachukua nafasi ya namba ya Toyota uliyoipata, na hita ikasoma vizuri, mazungumzo yanaweza kuanza. Bila hivyo, iache.

Ya kuunga waya ni halali kwa sensa ya kawaida, na watengenezaji wakubwa wanazo. Ila inataka mikono inayojua. Rangi za waya hutofautiana kati ya watengenezaji: Bosch hutumia waya mbili nyeupe kwa hita, mweusi kwa taarifa na wa kijivu kwa ardhi, kwa hiyo mweusi wa Bosch si mweusi wa Denso, na fundi anayeunga rangi kwa rangi anapeleka umeme wa betri kwenye waya wa taarifa. Tena sensa nyingi huvuta ile hewa ya nje kupitia ndani ya waya zenyewe, katikati ya nyuzi za shaba. Ndiyo maana waya hizo huungwa kwa kubanwa kwa viungio vyake, hazichomelewi kwa risasi wala hazijazwi grisi. Ukizichomelea unaiziba pumzi sensa uliyoinunua leo. Kwa A/F usifikirie kabisa njia hii.

Na ya mtumba, iwe ya gari la kukatwa hapa au iliyotoka Dubai na Sharjah? Hita yake unaweza kuipima, lakini uzee wa kauri yake huwezi kuuona kwa maltimita. Sensa yenye hita huhesabiwa kuwa na maisha ya kilomita 160,000 hivi katika injini nzima, na hujui hiyo imetembea ngapi wala injini yake ilikuwa ikichoma oili kiasi gani.

Kabla ya kuifunga mpya, itazame ncha ya ile iliyotoka. Ikiwa na unga mweupe wa kung'ang'ania, muulize fundi kama hivi karibuni alifunga kava au sampo kwa silikoni ya bomba, kwa maana mvuke wa silikoni isiyokusudiwa magari yenye sensa huiziba kauri. Gundi hizo zipo mbili, na iliyo salama huandikwa hivyo kwenye paketi. Ikiwa na majivu ya kahawia, injini inachoma oili, na sensa mpya itakwenda njia hiyohiyo. Mjumbe hauawi: kama kuna tundu kwenye mpira wa hewa au gasketi ya ekzosi inavuja kabla ya sensa, yenyewe itaripoti hewa nyingi, na itakuwa inasema kweli.

Kufungua ni spana ya 22 na ekzosi yenye uvuguvugu, si ya moto. Kufunga kwa Toyota ni nguvu ya nyutonimita 44 hivi. Usiipake grisi nyingine juu ya ile ya kiwandani, na kwa vyovyote isiguse ncha. Waya urudishwe kwenye vibanio vyake vyote. Futa msimbo, kisha injini ikipata moto, ishikilie kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika na utazame mashine: volti ya sensa ya kwanza inapaswa kuvuka kutoka chini ya 0.4 hadi juu ya 0.55 na kurudi, mara nane au zaidi katika sekunde kumi. Ukiona hivyo, tembea na gari wiki nzima ya shule kama kawaida, huku sensa ya zamani ukiwa umeihifadhi na namba yake ikisomeka, ndipo umlipe fundi kilichobaki.